Chupa ya Mwanga na Maji ya Bwawa la Juu

"Hivi mama Mahema, mwanga unaweza kuosha maji?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, fundi cherehani, ambaye karakana yake na duka la mama Mahema zilitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake humtakia afya. Siku hiyo mama Mahema alikuwa uani, anaanika mahema yaliyorudishwa na tope. Aliposikia swali akabaki na kibanio cha nguo mkononi.

"Kuosha vipi, fundi?"

"Kuosha tu. Shemeji yako amepita kwangu nimshonee mifuko ya chupa zake mpya. Anasema zina taa kwenye kifuniko. Unachota maji popote, unabonyeza, taa inawaka, kufumba na kufumbua maji ni safi. Nikamuuliza, uchafu unakwenda wapi? Akasema, haupo. Nikamuuliza, haupo umekwenda wapi? Akasema, fundi, wewe shona."

Mama Mahema alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Lakini swali halikuondoka na kicheko. Aliingia nalo ndani, akala nalo chakula cha mchana, na jioni alipopiga magoti kusali lilikaa pembeni likimsubiri amalize.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mashanta yalining'inia kwenye misumari, mifuko ya kulalia ilikunjwa rafuni kama mikate, na nyuma ya mlango zilipangwa sufuria nyepesi na majiko madogo ya gesi. Watu waliopenda kupanda milima kwa miguu walikuja kukodi hapo. Marehemu mumewe ndiye aliyelianzisha, na Mungu alipomchukua, mjane akabaki nalo pamoja na jina ambalo watoto wa mtaa walimpa kwa sababu hawakumwona bila hema mkononi.

Alibaki pia na binti mmoja. Kila mtu alimwita Mwendo, kwa hatua zake ndefu, na kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kuvuka ukingo wa milima mpaka upande wa pili. Mwisho wa juma lililofuata Mwendo alikuwa na kundi la walimu, watu wazima wenye hamu kubwa na magoti ya kukaa kitini. Kiangazi kilikuwa kimekausha vijito vya juu. Kwenye kambi ya juu kulibaki maji ya aina moja tu, ya Bwawa la Juu, ambamo ng'ombe waliingia mpaka matumboni, wakanywa, na wakaacha walichoacha. Siku zote Mwendo alibeba jiko na mtungi wa gesi, akachemsha maji ya watu wote huku wao wamekaa wakimtazama kwa macho ya kiu. Mtungi ulikuwa mzito, na mgongo wa Mwendo ulikuwa umeanza kulalamika.

Shemeji alitua dukani kesho yake, katoni begani. Alikuwa mdogo wa marehemu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba. Aliwahi kuuza miavuli isiyogeuka kwenye upepo, ikageuka. Aliwahi kuuza mikanda ya kupunguza tumbo, na tumbo lake mwenyewe likashuhudia. Hakuwa tapeli, na mama Mahema alilijua hilo vizuri. Tatizo lake ni kwamba kila alichouza alikiamini kwanza yeye, kwa moyo wote, kabla hajamwaminisha mwingine.

"Mke wa kaka!" akaita. "Ondoa hayo majiko yako mlangoni, zama zake zimekwisha."

"Karibu, shemeji. Yamekukosea nini?"

"Yamezeeka. Tazama hapa." Akatoa chupa ya chuma inayong'aa, akaipangusa kwa shati lake, akaiweka mezani kama mtu anayemlaza mtoto. "Mwendo, mwanangu, njoo uone kitakachookoa mgongo wako."

Mwendo alitoka chumba cha ndani akiwa bado anasuka nywele upande mmoja. Shemeji akajaza chupa maji ya bomba, akafunga, akabonyeza. Mwanga wa buluu ukacheza ndani ya maji, mzuri kupita kiasi, ukarusha vivuli darini. Fundi cherehani, ambaye hakualikwa, alikuwa tayari kasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Imekwisha," alisema shemeji. "Vijidudu vyote marehemu. Soma boksi: maji yoyote, mahali popote. Asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa."

"Hizo nukta tisa za mwisho ni za nini?" fundi akauliza.

"Za kukunyamazisha wewe."

Mwendo aliinyanyua chupa, akaipima mkononi. Mama yake aliona jinsi alivyoipima: kwa mabega, si kwa vidole. Binti alikuwa anafikiria ngazi za mawe za ukingo, na mtungi ambao hautakuwepo.

"Nakupa chupa za kundi zima," shemeji akamwambia. "Bure. Walimu wako wanywe, wewe nipigie picha tu, wakicheka, bwawa linaonekana nyuma. Jiko liache nyumbani lipumzike."

"Baba mdogo, kweli bure?"

"Mimi na wewe tuna hesabu gani?"

Mama Mahema aliichukua chupa, akachungulia ndani, akanusa, akaigeuza chini juu. Hakuwa na nia mbaya nayo. Ukweli ni kwamba ilimfurahisha. Alipenda vitu vilivyotengenezwa kwa akili, na hiki kilikuwa na akili, ila hakujua ni akili ya kusafisha au ya kuuza.

"Inaondoa vyote, shemeji?"

"Vyote. Vijidudu, chumvi, dawa za mashambani, mpaka harufu."

"Chumvi pia?"

"Nimekwambia vyote."

Mama Mahema akaingia jikoni, akarudi na kijiko cha chumvi, akakikoroga ndani ya chupa. Shemeji mwenyewe akabonyeza. Mwanga ukacheza. Akamiminiwa kikombe, akanywa mkupuo wa kishujaa, na uso wake ukajikunja kama kitambaa kilichokamuliwa.

Fundi alishika ukuta asianguke. "Vipi, mzee? Imetoka?"

"Chumvi…" shemeji alikohoa, "chumvi ni kitu kingine. Hapo ulimi wangu ulikimbia mbele. Chumvi haiui mtu. Tunaongelea vijidudu."

"Sawa," alisema mama Mahema, na alimaanisha sawa. "Chumvi tumeiweka kando, na dawa za mashambani tuziweke kando pia, maana nazo zimeyeyuka kama chumvi. Vimebaki vijidudu. Hivyo tutavionjaje?"

Shemeji akashika njia nyingine. Alikuwa na ushahidi wa watu. Rafiki yake mmoja alikunywa maji ya mtaro kwa chupa hii na hakuumwa hata kichwa. Dada wa rafiki yake alisafiri nayo nchi nzima. Msafiri mmoja, ambaye shemeji hakuwahi kumwona ila alisimuliwa na aliyemwuzia chupa, alikunywa maji ya kiboko.

"Kiboko alikuwemo?" fundi aliuliza.

"Alikuwa ametoka."

Mama Mahema alisikiliza yote. Usiku ule, kabla usingizi haujamchukua, aliyageuza kichwani kama alivyogeuza mahema akitafuta tundu. Yeye mwenyewe utotoni alikunywa maji ya dimbwi mara nyingi na hakuumwa, na mdogo wake aliyekunywa naye akaharisha mpaka akabebwa. Kwa hiyo mtu kutoumwa hakukusema chupa ni nzuri. Pengine tumbo lake lilikuwa gumu, pengine maji yale hayakuwa na kitu. Na zile asilimia za boksini, ni za maji gani? Nani aliyahesabu? Katika gunia la mtama ukiondoa karibu punje zote, bado kuna punje sakafuni, na kuku anaziona.

Alitaka kujua. Mwendo alikuwa keshapanga mashanta ya walimu, na jiko la gesi alikuwa ameliegemeza ukutani, nje ya mzigo.

"Mwanangu, hilo jiko umelisahau au umeliacha?"

"Nimeliacha, mama. Usianze."

"Sijaanza. Nauliza."

"Wewe ukiuliza ndiyo umeanza."

Kulikuwa na mteja mmoja ambaye mama Mahema alimkumbuka asubuhi hiyo akiwa anafagia. Alikuwa dada mmoja wa idara ya maji, mpima maji kwa kazi, ambaye hukodi hema akienda kukagua visima vya mbali. Alimfuata ofisini kwake, chumba kirefu chenye meza nyeupe na harufu ya dawa ya hospitali, akamweleza habari nzima, hata ya chumvi.

Mpima maji alicheka kidogo, kwa adabu. "Mwanga wa aina hiyo upo, mama, na unaua vijidudu kweli. Sisi wenyewe tunao mkubwa kwenye mtambo. Lakini hiyo chupa siijui, na nisichokipima sikisemei."

"Basi nipimie."

"Foleni ya maabara hapa ni ndefu, walimu wako watakuwa wameshastaafu. Nitakupa kitu upime mwenyewe." Akafungua kabati, akatoa vichupa vidogo vyenye vizibo, kila kimoja na kipande cha karatasi ya dawa chini. "Unatia maji mpaka kwenye alama. Unakiweka mahali pa joto, siku moja au mbili. Kama kuna uchafu wa matumbo, wa mtu au wa mnyama, maji yanageuka meusi. Yakibaki kama yalivyo, ni dalili njema, ingawa si kiapo."

"Nikitia maji yaliyochemshwa?"

"Hayatakiwi kuwa meusi. Kimoja kifanye hivyo, kiwe mlinzi wa vingine. Mlinzi akiwa mweusi, ujue kuna jambo."

Mwendo aliletewa habari hiyo akakunja midomo, lakini hakukataa. Alikuwa na safari fupi ya kukagua njia, akarudi na madumu mawili: moja la kijito cha chini, maji meupe ya kuona kidole, na jingine la Bwawa la Juu, rangi ya chai ya maziwa. Shemeji naye aliitwa, maana mama Mahema hakutaka kumhukumu mtu mgongoni mwake.

Walifanyia kazi jikoni. Kabla hajaanza mama Mahema alifumba macho, midomo ikicheza taratibu.

"Unayaombea maji, mke wa kaka?"

"Naombea macho yangu," alijibu. "Yaone kilichopo, si ninachokitaka."

Maana alikuwa amejichunguza, akagundua kitu ambacho hakukipenda: alitaka chupa ishindwe. Aliitaka ishindwe ili jiko lirudi kwenye shanta na yeye alale kwa amani. Na mtu anayetaka jibu fulani, aliwaza, mkono wake humsaidia bila kumwambia.

Akachemsha maji ya bwawa, akaacha yapoe. Shemeji akapitisha mwanga kwenye maji ya kijito, kisha kwenye maji ya bwawa, kwa mkono wake, akifuata maandishi ya boksi. Mama Mahema akamimina kwenye vichupa, kimoja kimoja, akifuta kila mdomo kwa kitaulo chake cha begani ili tone lisimwagike njiani, akafunga, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: bwawa bichi, bwawa mwanga, kijito kibichi, kijito mwanga, bwawa lililochemshwa. Akavipanga kwenye rafu karibu na jiko, akavifunika kwa kopo.

Kulipokucha mara ya pili, wote walikuwa jikoni, na fundi na futi yake. Mama Mahema akainua kopo.

Vichupa vyote vilikuwa vyeusi. Vyote, hata kile cha maji yaliyochemshwa, tii kama masizi.

Shemeji alipiga kofi mezani, akacheka kicheko kilichotikisa vifuniko vya sufuria. "Hata jiko lako, mke wa kaka! Hata jiko! Miaka yote hii unawanywesha watu hiki!"

"Mama," Mwendo alisema, na hakucheka, "kwa hiyo hizo karatasi hazina maana. Zinageuka nyeusi kwa chochote. Tumepoteza siku bure." Akachukua mashanta mawili, akatoka nayo uani kwa zile hatua zake.

Mama Mahema alikaa na vile vichupa. Kilichomsumbua si kicheko. Kilichomsumbua ni mlinzi. Yeye aliyaona maji yale yakitokota kwa macho yake, mapovu makubwa, na mpima maji alisema mlinzi akiwa mweusi ujue kuna jambo. Hakusema ni jambo gani. Ama moto hauui, na hilo hakuliamini, ama karatasi ni mbovu, ama kuna mahali mkono wake ulikosea.

Akaenda tena idara ya maji, na vichupa vyake vimefungwa kwenye mfuko. Mpima maji akavitazama, akauma mdomo.

"Hebu nifanyie kama ulivyofanya. Chukua maji ya bomba hapo, na hivi vichupa vitupu. Usinieleze, nifanyie."

Mama Mahema akafanya. Akafungua, akamimina mpaka kwenye alama, na mkono wake wa kulia, wenyewe, bila kuamriwa, ukapanda begani kutafuta kitaulo. Begani hapakuwa na kitu. Mkono ukabaki hewani.

Wakatazamana.

"Ulifuta midomo ya vichupa?" mpima maji akauliza.

"Nilifuta. Kwa kitaulo safi, mwanangu. Nilikifua mwenyewe."

"Ulikuwa umekifanyia nini kabla?"

Mama Mahema akawaza. Asubuhi ile alifuta nacho meza. Kisha mikono, baada ya kumimina maji ya bwawa. Kisha kichupa cha kwanza, cha bwawa bichi, kisha vyote vilivyofuata, kwa mpangilio mzuri, kimoja baada ya kingine, kwa usafi aliofundishwa na mama yake mzazi. Usafi wake ndio uliotembeza uchafu kutoka kichupa hadi kichupa.

Aliweka kiganja mdomoni, kisha akacheka, akacheka mpaka machozi, na mpima maji akashindwa kujizuia akacheka naye.

"Basi hata chupa ya shemeji nimeisingizia," alisema akijifuta kwa ukanda wa mtandio. "Sijui kama ilishindwa au niliishindisha mimi. Nipe vingine."

Alirudi nyumbani akamwambia shemeji waziwazi, mbele ya fundi, kwamba kosa lilikuwa lake na chupa inastahili kupimwa upya. Shemeji alivimba kifua kama aliyetawazwa. Safari hii shemeji aliwasha mwanga tena kwa mkono wake, na mama Mahema alinawa mikono, akaweka kitaulo chumba kingine kabisa, akaanza na maji yaliyochemshwa na kumaliza na ya bwawa bichi, na hakugusa mdomo wa kichupa chochote. Tone lilipomwagika aliliacha limwagike. Lilimwuma, lakini aliliacha.

Vikakaa siku zao. Mama Mahema hakuinua kopo hata mara moja kuchungulia, na hiyo, mbele za Mungu, ilikuwa ngumu kuliko kufunga.

Asubuhi ya kuinua kopo ilikuwa ya mkesha wa safari ya walimu. Mwendo alikuwa anafunga kamba za mashanta mlangoni. Shemeji alifika amechangamka, viatu vyake vya mjini vinang'aa, maana alfajiri ile alikwenda stendi kuwapokea wapanda milima na hakurudi mikono mitupu.

"Nimeuza!" alitangaza kabla hajaketi. "Kijana mmoja na mkewe, wamefunga ndoa juzijuzi. Wanapanda peke yao, bila kiongozi. Wamefurahi hao! Wameacha na sufuria yao pale stendi, wakasema ya nini tena."

"Hongera, shemeji," alisema mama Mahema. "Kaa. Mwendo, njoo, mwanangu."

Akainua kopo.

Kichupa cha maji yaliyochemshwa kilikuwa kama kilivyowekwa. Cha bwawa bichi kilikuwa cheusi tii, na cha kijito kibichi kilikuwa cheusi. Cha kijito, kilichopita kwenye mwanga, kilikuwa cheupe, safi, unaona karatasi chini. Na cha bwawa, kilichopita kwenye mwanga uleule, wa chupa ileile, kilikuwa cheusi. Labda si kama kile cha bwawa bichi, lakini cheusi.

Hakuna aliyecheka. Mwendo alivinyanyua viwili vilivyopita kwenye mwanga, akavishika dirishani, kimoja kila mkono.

"Huku imefanya kazi," alisema taratibu. "Huku haikufanya. Kwa nini?"

"Nilimuuliza mpima maji jana," alijibu mama yake, "nikamwambia, tuseme ikatokea hivi, maana yake nini? Akasema mwanga lazima umguse kijidudu. Maji yakiwa na tope, anajificha nyuma ya tope, kama mtu nyuma ya mlango. Ukiwasha taa sebuleni, aliye nyuma ya mlango humwoni."

"Kwa hiyo fundi, umepata jibu lako," alisema fundi mwenyewe, akijiambia. "Mwanga unaosha, ila usiwekewe kitu mbele."

Mama Mahema akamgeukia shemeji. Alijaribu kuzipanga sentensi zake ili zisimkate. "Chupa yako si ya uongo, shemeji. Nilidhani ni ya uongo, na nilikosea. Kwa maji meupe nitaiweka rafuni kwangu na nitaisifu. Kilicho cha uongo ni hilo neno la boksini, 'yoyote'."

"Labda haikuwashwa vya kutosha," shemeji alisema.

"Uliwasha wewe."

"Labda… betri."

"Betri ni ileile ya kijito, baba mdogo," alisema Mwendo. Hakuwa na ukali. Alikuwa anauliza kweli, kama mama yake. "Wewe uliijaribu kwenye maji gani, kabla hujatuletea?"

Shemeji alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa majibu, na kila mtu chumbani alisubiri jibu.

"Ya bomba," alisema.

"Na aliyekuuzia?"

"Aliniwashia… ya bomba pia. Ndiyo yaliyokuwepo." Akapapasa boksi kwa kidole gumba, pale palipoandikwa, kana kwamba maandishi yangemsaidia. "Yule wa kiboko nilimsikia tu."

Mwendo akaviweka vichupa chini. Akaenda ukutani, akachukua jiko na mtungi wake, akavisukuma ndani ya shanta kubwa, akavuta kamba mpaka ikalia. Kisha akatia na chupa mbili za mwanga pembeni, kwa ajili ya kijito cha chini. "Gesi inapanda," alisema. "Mgongo utanisamehe."

"Tukichuja je, kwanza, kwa kitambaa kizito?" fundi aliuliza. "Mimi vitambaa ninavyo."

"Tutajaribu tukirudi," alisema mama Mahema. "Kwa sasa hatujui, na tusichokijua tusiwanyweshe walimu." Ndipo akakumbuka jambo. Hakutaka kuliuliza, lakini lilikuwa halina pa kukaa isipokuwa hapo. "Shemeji. Wale maharusi. Walisema wanapita njia gani?"

Shemeji alimtazama. Sauti yake ya kujaza chumba ilikuwa imekwisha kabisa. "Ya ukingo. Nimewaambia wakalale bwawani, pana mandhari nzuri. Niliwaambia wanipigie picha."

"Wameondoka lini?"

"Jua linachomoza."

"Watu wapya, wawili, wanatembea wakisimama simama," alisema Mwendo, akitazama nje kupima jua. "Mchana watakuwa bado kwenye ngazi za mawe. Bwawani ni jioni."

Shemeji aliitazama katoni yake, kisha vile vichupa, kile cheusi zaidi ya vyote. Fundi alianza kusema kitu cha kuchekesha, akakiacha. Mama Mahema alisogeza kiti kumpisha, asijue anampisha kwenda wapi.

Shemeji akainama, akakaza kamba za viatu vyake vya mjini, akalichukua jiko dogo lililokuwa juu ya rafu nyuma ya mlango na sufuria moja, akavikumbatia kifuani, akatoka. Hakuaga. Walimwona kupitia mlangoni akivuka barabara, akiipita njia ya kwenda nyumbani kwake, akaanza kupanda njia ya ukingo.